Mdogo Wangu Ameuchafua Wimbo wa Baba

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana damu inanichemka. Mimi ni mpiga gitaa na kiongozi wa bendi ya dansi aliyotuachia marehemu baba, na tangu afariki nimeilinda kama mboni ya jicho, kila wimbo kwa mwendo alioupanga, tarumbeta pale pale alipoziweka, maneno sijagusa hata moja. Sasa mdogo wangu wa kiume, mpiga ngoma wetu, wenzake wanamwita Radi, akaja na midundo ya kompyuta eti tuchanganye, nikamkatalia mazoezini, akanyamaza, nikadhani yameisha, kumbe ana lake moyoni. Jumamosi, harusini, ukumbi umejaa, tukiwa katikati ya wimbo ambao baba alimtungia mama, akawasha kompyuta yake na kuanza kufokafoka kwenye maikrofoni juu ya gitaa langu, na watu badala ya kuzomea wakajazana katikati kucheza, na mama yetu, ambaye tangu tufiwe hajainuka kitini kwenye shughuli yoyote, akainuka. Mshauri, niliona giza. Nikachomoa waya mkubwa wa umeme, spika zote kimya, lakini Radi akaendelea kupiga ngoma, wa tarumbeta wakamfuata, na ukumbi mzima ukaimba kwa midomo mitupu mpaka mwisho, mimi nimesimama na waya mkononi. Nimemfukuza kwenye bendi. Mama hasemi nami. Nataka kumpiga marufuku asiguse tena wimbo wowote wa baba, kwa sababu muziki wetu ni safi na hauchanganywi na takataka. Je, nimekosea?

Mlinzi wa Urithi

Mlinzi,

Pole kwa kufiwa. Na mdogo wako amekosa: kunyamaza mazoezini halafu kukugeuka mbele ya watu ni utovu wa adabu. Lakini wewe ulizima umeme kwenye harusi ya watu. Bibi harusi alikukosea nini?

Halafu unaniambia habari za muziki safi. Usafi upi, mwanangu? Hilo gitaa la umeme lilizaliwa kwenu? Tarumbeta zilikuwa za gwaride kabla hazijaingia kwenye dansi, na sina shaka kuna mzee aliyemwambia baba yako kwamba anaharibu. Angemsikiliza, leo ungelinda nini? Tumechoka na nyinyi mnaokalia nyimbo kama kuku anayekalia mayai viza.

Tena jibu umeliandika mwenyewe, hukuliona. Ulipochomoa waya, kompyuta ilinyamaza. Watu wakaimba nini? Wimbo wa baba yako, bila spika, mpaka mwisho. Wimbo uliochafuliwa hauimbwi hivyo.

Kinachokuuma si kompyuta. Umempigia mama wimbo ule miaka yote hii akiwa amekaa, na siku alipoinuka, hakuinuka kwa gitaa lako peke yake. Inauma, nakubali. Ila huwezi kumfukuza ndugu kwa hilo.

Fanya hivi. Nenda kawaombe radhi maharusi, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Itisha mazoezi, umrudishe Radi mbele ya bendi nzima, naye akuombe radhi kwa kukuzunguka. Nyimbo nyingine zipigeni zilivyo, wewe ndiye kiongozi. Huu mmoja mwachie aupange yeye, nawe upige gitaa. Mama akiinuka, usimtazame Radi wala mashine yake. Mtazame mama, na uendelee kupiga.