Mkanda Mpana wa Punda

Marahaba, mjukuu wangu Salimu. Naona aibu kuitwa babu nikiwa kidato cha tatu, lakini bibi yako ni dada yangu. Hapa Msimbazi sote wazima.

Umeuliza kama punda wenu mwenye kidonda atavuta tena mkokoteni. Wetu pia alichubuliwa kifuani na kamba. Baba akaizungushia sponji ya godoro. Ikanyonya jasho, kidonda kikazidi. Nikanong'ona kwamba labda tutumie mkanda mpana.

"Sema kwa sauti, mwalimu, punda mwenyewe asikie," Baba akatania.

Fundi viatu wa Kariakoo akatushonea mkanda wa turubai wenye kitambaa laini ndani. Nikaomba tusubiri ngozi ipone kwanza. Baba akanuna, akavuta mzigo mwenyewe.

Wenu naye mpumzisheni. Wetu alipofungwa mkanda mpya alisimama kidogo, akingoja maumivu. Hakuyaona, akaondoka, Baba akimkimbilia nyuma.

Babu yako,
Hamisi