Mbuzi Tuliyemchinja kwa Ajili Yako

Mwalimu,

Huku Mpanda mvua zimeanza, na Neema wangu ameota meno mawili. Kwenye darasa letu la watu wazima wametuletea mwalimu mwingine. Anafundisha vizuri, ila mtoto akilia mgongoni anakunja uso. Wewe ulikuwa unambeba huku unaandika ubaoni.

Kuna jambo linanichoma.

Siku tuliyokuzika, baba mkwe alileta mbuzi. Wewe ndiye uliyemfundisha kusoma uzeeni, akasema mwalimu hazikwi kama mtu asiye na ndugu. Kwenu Sri Lanka ni mbali, basi tukakuzika kwa desturi zetu. Wanaume wakachinja, wanawake tukapika. Mimi nikakoroga mchuzi kimya.

Na mimi ndiye niliyejua. Nilipokuletea kuku wa shukrani, ulimfungua kamba miguuni ukamwachia uani. Jirani yangu Mama Joni akasema, "Huyu mwalimu wenu akikutana na kuku anamwamkia shikamoo!" Ukacheka na wewe. Kisha ukanieleza kwamba kwenye dini yenu ya Kibudha mtu anajizoesha kutoua, kutoiba, kutosema uongo. Dagaa wa ziwani kutoka Ikola ulikula, maana uliwakuta sokoni wameshakauka. "Ila mnyama asife kwa sababu yangu, Mama Neema." Ulisema hivyo, nimesimama mbele yako.

Nilijitetea kwamba mke wa mtoto hamkosoi baba mkwe mbele ya wanaume. Lakini Mwalimu... ungenitazama vipi?

Jumamosi tunamaliza matanga. Jana nikaona mbuzi mwingine amefungwa nyuma ya jiko. Nikapiga magoti, nikamweleza baba mkwe yote. Akauliza, "Kwa nini hukusema siku ile?" Akaondoka anagomba peke yake, "Msiba wa maharage! Watu watasema mimi mchoyo."

Leo asubuhi nimemkuta anamfungua yule mbuzi kwa mikono yake, anamswaga kwenda malishoni, bado ananung'unika.

Yule wa kwanza siwezi kumrudisha. Nisamehe, Mwalimu wangu.

Lala salama. Jumamosi nitakupikia maharage ya karanga, watu wapate kula washibe. Na siku nyingine nikijua lililo kweli nitalisema kabla kisu hakijanolewa, hata kama sauti inatetemeka.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Mama Neema