Mkwe Wangu Hakuvuta Sigara, Moto Niliuwasha Mimi

Bi Mwanaisha,

Nakuandikia nimelala ubavu wa kulia kwa sababu ubavu wa kushoto moyo unagoma, kwa hiyo mwandiko ukikusumbua nivumilie, na msaada ninaouomba unipe upesi kwenye safu yako ya gazeti, maana daktari aliponipima mara ya mwisho alikwenda kuzungumza na mwanangu nje ya mlango badala ya kuzungumza na mimi, na mimi si mtoto, najua mlango ukifungwa vile maana yake nini.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kitangari. Nimefundisha fizikia katika sekondari za Newala na Masasi mpaka nywele zikaisha kichwani, na hapa watu hawanitaji jina, wananiita Mwalimu, hata wale ambao sikuwafundisha. Nina hasira, Bi Mwanaisha. Nina hasira tangu msimu wa kupulizia mikorosho, nawakasirikia wanangu, majirani, daktari, mpaka jogoo, na ukishasoma utajua hasira hiyo ilipaswa kwenda kwa nani.

Nilikuwa na gari, Noah la zamani, na aliyekuwa akiliendesha ni mkwe wangu Fikirini, mume wa binti yangu Getrude, kwa kuwa miguu yangu haina tena nguvu ya breki. Gari hilo lilinipeleka hospitali, lilibeba maharusi na wagonjwa wa kijiji, na kila msimu lilibeba mifuko ya salfa, ule unga wa njano tunaoipulizia mikorosho, mpaka shamba letu la Makote. Mwaka huu taa ya ndani ikafa. Fikirini akasema, "Baba, kesho nakwenda Masasi, acha nilipitishe kwa fundi umeme." Alisema kwa adabu kabisa, lakini mimi nikasikia tusi, nikamjibu, "Nimefundisha umeme kabla baba yako hajamposa mama yako, leo gari langu lipelekwe kwa fundi?" Akacheka. "Basi Baba, nikuletee nini kutoka Masasi?" Akaniletea taa za utepe, zile zinazobandikwa kama plasta, na waya.

Nilizifunga mwenyewe, nikipumzika kila baada ya skrubu. Nilipofunua zulia la gari ili nipitishe waya nilikuta unga wa salfa umejaa huko chini, wa mifuko iliyotoboka miaka yote hiyo, nikausukuma pembeni kwa kiganja, nikapiga chafya, nikaendelea. Nilipounganisha, fyuzi ikaungua. Nikaweka nyingine, nayo ikaungua. Mwanafunzi wa kidato cha tatu angejua kwamba waya umebanwa mahali na umechubuka, na mimi nilijua, nilijua hata mahali penyewe, ni chini ya reli ya kiti, lakini kukitoa kiti kulihitaji nguvu ambazo sikuwa nazo na kumwita Fikirini anisaidie kulihitaji unyenyekevu ambao pia sikuwa nao. Basi nikaokota pakiti tupu ya sigara nje ya duka la jirani, nikachana ile karatasi inayong'aa, nikaizungushia fyuzi iliyoungua ili umeme upite, na taa zikawaka rangi ya buluu, na mjukuu wangu Pendo, mtoto wao, akapiga makofi. Ile pakiti nikaisokomeza kwenye mfuko wa mlango wa dereva.

Siku chache baadaye tulikuwa njiani kwenda Makote, jua kali, mimi nimekaa kiti cha nyuma, salfa imepakiwa nyuma yangu. Moshi ukatoka chini ya kiti. Kama hujawahi kuuvuta moshi wa salfa usiutamani, unakamata koo na macho kwa pamoja. Fikirini alisimamisha gari, akaja kwenye mlango wangu ambao tayari ulikuwa umeshika moto, akauvuta kwa mikono mitupu, akanibeba begani, akanilaza kwenye majani, akarudi kutafuta dawa zangu. Watu walitoka mashambani, wakalimwagia gari mchanga, wakaokoa sehemu ya mbele tu. Mkono wake wa kulia haujakunjika mpaka leo.

Sasa sikiliza ubaya wenyewe. Mwanangu mkubwa, Nikolao, hakumtaka Fikirini tangu siku ya posa, kwa sababu ya dini yake, na kijana huyu zamani alikuwa mvutaji, aliacha Pendo alipozaliwa. Nikolao akalipekua lile gari, akaikuta pakiti. Akaita kikao cha familia nyumbani kwangu.

"Shemeji," akasema, "sigara uliacha lini? Tukumbushe."

"Tangu Pendo azaliwe."

"Na hii pakiti ni ya Pendo?"

Wakacheka, Bi Mwanaisha. Watu wazima, na mtu amekaa mbele yao mkono umefungwa bendeji. Fikirini alinigeukia mimi, akasema taratibu, "Baba, ulikuwa umekaa nyuma yangu njia nzima. Uliniona nikivuta?"

Nikasema, "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Gazeti lako hili nalisoma bila miwani.

Getrude alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Sigara inanuka, Baba. Pua yako nayo imezeeka?" Nikolao akamkemea, "Nyamaza Mama Pendo, hapa wanaongea wanaume," na mimi niliyemlea yule binti aongee popote nikaangalia sakafu. Fikirini alijua kuwa nimesema uongo, niliona usoni mwake, lakini huku kwetu mtu hambishii baba mkwe wake mbele ya watu, hata awe anachinjwa, akainamisha kichwa, na wanangu wakasema mmeona, ameinama, amekubali.

Getrude na Pendo wakarudishwa kwangu. Wamepanga kikao cha mwisho cha kuivunja ndoa, korosho zikishapelekwa mnadani. Na huyu Fikirini ndiye anayenitia wazimu zaidi kuliko wote, kwa sababu kila wiki analeta maji, na huku juu unajua maji yanavyotafutwa, anafunga madumu mawili kwenye baiskeli, anaiendesha kwa mkono mmoja, anayaweka nje ya ua kwa kuwa Nikolao amempiga marufuku kuingia, anapaza sauti, "Shikamoo Baba!" kisha anaondoka. Angenitukana! Angevunja dirisha! Nalala hapa nasaga meno, namchukia kwa wema wake, nasema moyoni huyu kijana ananifanyia makusudi.

Mimi nilifundisha watu kwamba fyuzi ni mlinzi, ikiungua usiilaumu, mtafute mwizi. Nusu ya mafundi umeme wa wilaya hii nimewafundisha mimi. Nikifikiria wakisimama kwenye mazishi yangu wakinong'onezana kuwa Mwalimu alifunga karatasi ya sigara kwenye fyuzi akakaa juu ya salfa, ulimi unakufa kabla yangu.

Nilichofikiria ni hiki: nimweleze padre, aniondolee dhambi, na nimruhusu awaambie wanangu nikishazikwa. Hapo kijana atasafishwa na mimi nitakuwa nimepumzika. Je, si njia nzuri? Naomba uniambie ni njia nzuri.

Mwalimu mstaafu, Kitangari

*

Shikamoo, Mwalimu. Umri wako nauheshimu, na moyo wako unaoumwa nakuombea upate nafuu. Nimemaliza salamu. Sasa nitazungumza na wewe kama ulivyozungumza na mwanafunzi aliyeiba mtihani.

Hapana. Si njia nzuri. Ni njia ya mtu anayetaka kutubu bila mtu yeyote kumwangalia. Padre mwite, hiyo ni haki yako na Mungu wako, lakini si padre aliyepokonywa mke, na si padre asiyeweza kukunja vidole. Na ukishazikwa, unadhani Nikolao atakubali kirahisi maneno ya marehemu asiyeweza kuulizwa? Atasema mzee alikuwa mahututi, alichanganyikiwa, alimhurumia mkwe. Utakuwa umemwachia Fikirini ushahidi ambao watoto wako watauchezea kama walivyoichezea ile pakiti.

Halafu acha kunihesabia makosa ya umeme. Wazee wengi wanakosea, na wasomi zaidi. Ungesema palepale kwenye majani, ukikohoa, "Mwanangu, ni mimi," watu wangekucheka wiki mbili wakasahau. Gari liliungua kwa uzembe wako, ndoa unaiunguza kwa makusudi, na hilo la pili bado unaendelea kulifanya leo, unapolisoma gazeti hili bila miwani.

Umenisikitisha kuhusu maji. Unasema kijana anakufanyia makusudi. Mwalimu, kijana huyo anakuja kwenye ua ambamo mke wake na mtoto wake wamo ndani. Ile "Shikamoo Baba" anaipaza sauti ili nani aisikie? Wewe umelala hapo ukidhani dunia nzima inazungumza na wewe. Pendo anaisikia sauti ya baba yake mara moja kwa wiki, kwa muda wa kubwaga madumu tu, kwa sababu yako.

Na Getrude alipokuuliza habari ya pua, hakuwa akiuliza. Alikuwa anakwambia kwamba anajua. Anajua ulidanganya, asichojua ni kwa nini. Umemweka binti yako nyumba moja na baba aliyemwona akisema uongo, akufulie mashuka, akugeuze ubavu, na asithubutu kukuuliza kwa kuwa unaumwa. Hasira yako yote uliyoitawanya kwa jogoo na daktari, ikusanye. Utaihitaji kwa kazi ya dakika tano.

Fanya hivi. Leo, gazeti likishafika mikononi mwako, kabla jirani hajakutambua ingawa majina nimeyabadilisha, mwite Getrude umwambie kila kitu: karatasi, fyuzi, pakiti. Usimwombe akutunzie siri. Kisha mtume yeye, si Nikolao, akamlete Fikirini, aingie ndani ya ua kwa miguu yake mchana watu wakiona, akae karibu na kitanda chako. Baada ya hapo waite wote waliokuwepo kwenye kile kikao, hata wale waliocheka. Hasa wale waliocheka. Usingoje mnada wa korosho, moyo wako hauna ratiba ya chama cha ushirika.

Nikolao akianza kusema "Baba, pumzika", mwambie akae chini. Usimfundishe mtu fizikia siku hiyo. Usieleze uchovu, wala miguu, wala ilivyokuwa vigumu kukitoa kiti. Ukishasema, mwambie Nikolao mbele yako amwombe radhi shemeji yake, na mwagize ampeleke hospitali mkono ule ukatazamwe upya, kwani kidonda cha moto kikiachwa kinaukaza mkono moja kwa moja, na kijana huyu anaishi kwa mikono. Suala la dini waliliongea siku ya posa wakaoana, lisirudishwe kwa mlango wa nyuma.

Msamaha usiuombe siku hiyo. Mkwe wako amelelewa kutokukubishia, ukimwomba mbele ya watu atasema "nimekusamehe, Baba" hata kama kifua kinamwaka, na wewe utaondoka na kitu kingine ambacho si chako. Mwache aende nyumbani na mke wake na mtoto wake. Akirudi kwa hiari yake, mtazungumza. Asiporudi, usimwite hana adabu.

Na ninyi wasomaji wangu mnaozungushia karatasi za sigara kwenye fyuzi za magari, pikipiki na redio, nawajua, mko wengi. Zitoeni leo.

Mwalimu, unasema ulimi unakufa kabla yako. Basi usiuchoshe kwa hotuba. Pumzi zikiwa chache, maneno manne yatatosha, yaseme huku unamtazama Fikirini, kwa macho yale yale uliyoyasingizia: "Ni mimi, si yeye."

Bi Mwanaisha