Chupa za Dirishani

Mpendwa Baba,

Nimemaliza kufagia duka lako la dawa hapa Kyuso. Kabla sijalifunga kuna jambo nataka kukuuliza, ingawa najua hutajibu.

Unakumbuka ulivyotufundisha kemia? Ulitumbukiza kipande cha ini bichi la mbuzi kwenye haidrojeni peroksaidi, povu likapanda hadi likamwagika mezani, nasi tukapiga kelele. "Mwende, angalia," ukaniambia. "Hii molekuli inapeana elektroni, ile ingine inachukua. Moja inakuwa oksijeni inaenda, ingine inabaki maji. Ini inaharakisha tu. Hata jua itafanya, polepole." Ndiyo maana, ulisema, huwekwa kwenye chupa nyeusi.

Ulipostaafu ukafungua duka, na peroksaidi ya kuoshea vidonda ukawa unaletewa na Abdi, mfanyabiashara Mwislamu. Kila alipoileta uliimimina kwenye chupa za kioo cheupe ukazipanga dirishani, ati wateja waone ni safi.

Kisha mwanawe, Yusuf, akaja naye pamoja na wazee kuniposa. Ukanituma bucha nilete ini, ukachukua chupa ya dirishani, ukamimina mbele yao. Ini likazama kimya.

"Abdi, unaniuzia maji," ukasema. "Na bado unataka msichana wangu?"

"Mwalimu, mimi hata kifuniko sijafungua," Abdi akajibu, akainuka.

Nilikuamini. Niliwachukia kwa ajili yako, na Yusuf akaenda kuoa Garissa.

Baada ya kukuzika nilinunua chupa kwa Abdi huyo huyo. Nusu nikaiacha kabatini kwenye chupa yake nyeusi, nusu nikaimimina kwenye chupa nyeupe dirishani kama ulivyozoea. Jua la Kyuso unalijua. Leo nimezipima kwa ini. Ya kabatini imetoa povu hadi likanilowesha mkono. Ya dirishani imetulia tuli.

Ulisahau, Baba? Wewe, uliyenifokea nilipoandika elektroni upande usiofaa? Nimejaribu sana kuamini kwamba ulisahau, na nimeshindwa. Nashuku ulijua ini litazama hata kabla hujanituma. Neno dini hukulitamka siku ile. Hukulihitaji.

Bado nakupenda, na hilo linaniudhi. Kesho nitabeba chupa zote mbili hadi kwa Abdi, nimimine mbele ya wazee wake kama ulivyomimina wewe. Pumzika ukiweza.

Ni mimi binti yako, niliyekuletea lile ini,
Mwende