Hewa Iliyoingia kwenye Mafuta ya Lozi

Maman Espe,

Tangu tulikuzika hapa kambini Dzaleka, sabuni tunaendelea kutengeneza, mi na mwenzangu Nabintu. Lakini kuna jambo limetokea, na we njo ulinifundisha hii kazi, basi nani mwingine nimwelezee?

Unakumbuka yale mafuta ya harufu ya lozi tunayotia kwenye sabuni? Ulikuwa unayagawa kwenye vichupa vidogo, unajaza mpaka shingoni, unavifunga kitambaa cheusi. Nikikuuliza kwa nini, unasema, "Fanya tu." Mi nilidhani ni uchoyo. Ulipokufa nikayamimina yote kwenye chupa moja kubwa, nikaiweka dirishani. Kila asubuhi nilikuwa ninaifungua, ninanusa. Ile harufu ilikuwa we, Maman. Mikono yako.

Siku moja nikaona vipunje vyeupe shingoni mwa chupa, vinang'aa kama chumvi. Nikamwambia Nabintu mbele ya bantu: "Ni we umetia chumvi. Unataka kazi initoke." Alilia, akavua aproni, akaenda kwa dada yake, kule Chinsapo.

Lakini akili haikutulia. Nilitia vile vipunje kwenye maji baridi, vikakataa kuyeyuka. Chumvi gani hiyo? Nikabeba chupa mpaka Likuni, kwa mwalimu wa shimi, yaani kemia, mutu wa Bukavu anayenunua sabuni yetu. Aliigeuza kwenye mwanga.

"Hakuna aliyetia kitu, dada. Haya mafuta ni aldehidi. Yakikutana na hewa yanachukua oksijeni, yanageuka asidi. Hii nyeupe njo asidi yenyewe. Mwanga unaharakisha. Ukitaka yakae, tafuta chupa ndogo, ijae, iwe gizani penye baridi, na usifungue ovyo."

Kumbe ni mimi! Kila nilipokunusa, nilikuwa ninaingiza hewa.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja Chinsapo. Nabintu alikuwa anasonga nsima. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Aliendelea kusonga mpaka nsima ikaiva. Halafu akasema, "Ungeniuliza kwanza, ningekuambia. Hata mi nilikuwa ninaifungua. Mchana, ukienda sokoni."

Tulicheka, Maman, na kulia hapohapo.

Amerudi kazini. Lakini bado ninajiuliza: we nani alikufundisha? Ulijua sababu, ao na we uliambiwa "fanya tu"?

Pumzika, Maman wangu. Yeyote nitakayemfundisha hii kazi, nitamwambia na sababu.

Ni mi wako,
Furaha