Mchwa wa Wino

Kidosho mwanangu,

Chai yako ya asubuhi bado iko kwenye chupa. Usihangaike na printa, ~~nitaipeleka kwa fundi~~ imekata roho. Nimetoka kununua ile ya kujazwa wino kwa chupa, haina gharama sana.

Leo nimekuita mchwa wa wino mbele ya shangazi yako, eti wewe ndiye unayeumaliza, ukaondoka bila kunywa chai. Ndipo nikasoma kijitabu cha ile printa ya zamani: kila ikichomekwa upya inajisafisha, na kujisafisha kwenyewe kunakula wino. Sasa nani huichomoa kila usiku, eti anabana umeme?

Nimeona haya hata kukupigia simu. Mpya itakaa chumbani kwako. Ukiniona nasogelea soketi, niite jina lilelile.

Mchwa mwenyewe,
Baba

Shangazi nimeshamwambia.