Ndoo Iko Sebuleni

Baba Tumpale,

Uji uko kwenye chupa. ~~Nitarudi mchana kupika ugali.~~ Ugali pikeni wenyewe. Tumpale afunge mbuzi.

Tulizunguka Tunduma nzima tukachagua kile chuma cha kuzungushia mpira wa maji, cha bei, ili kisiogope jua wala mvua. Wewe ukakiweka sebuleni na nailoni yake, ukakifunika kitambaa, eti wageni wakione. Mimi nabeba ndoo na miche ya kahawa inanyauka. Leo asubuhi nimekigusa tu, ukanifokea mbele ya watoto kwamba nitakichafua.

Ulipotoka nimekipeleka kitaluni. Nailoni nimeichoma. Pale kilipokuwa nimeweka ndoo yangu, nikaifunika kitambaa kilekile. Wageni wakija, waonyeshe hiyo.

Mama Tumpale